Gemu Yenye Benchi

Kwa hesabu yangu ya haraka, nimetumia saa nyingi zaidi kutazama gemu zikichezwa na watu wengine kuliko kuzicheza mwenyewe. Jambo hilo, ambalo huenda wengine wangelificha, ndilo lililonipa kipimo ninachokitumia hadi leo ninapoulizwa gemu ipi ni nzuri. Sianzi na ubora wa picha, wala hadithi, wala bei. Huuliza kwanza kama mtu asiyecheza anaweza kukaa pembeni, akaielewa, akaifurahia, na akawa na la kusema. Jibu likiwa hapana, gemu hiyo huenda ikamfaa sana mwenye nayo, lakini kwangu mimi bado ina upungufu.

Kipimo hicho nilikipata Mwanga, hapa Kigoma, katika banda la mabati lililokuwa na runinga mbili za chogo, PlayStation 2 mbili zilizoachwa bila vifuniko ili zisipate moto kupita kiasi, pedi nne zilizofungwafungwa kwa utepe wa mafundi umeme, na benchi moja refu la mbao lililotulia vizuri upande mmoja na kuyumba upande wa pili. Mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 200, na aliyefungwa alimpisha mwingine. Sisi tusiokuwa na shilingi 200, ambao ndio tuliokuwa wengi, tuliruhusiwa kukaa bure kwenye benchi kwa sharti kwamba tusimzibe mchezaji na tusiguse nyaya. Mwenye banda hakuwa mtu wa huruma sana. Alielewa tu kwamba banda lenye kelele huvuta wateja, na kwamba mchezaji anayeshinda mbele ya watu kumi hutoa 200 nyingine kwa urahisi kuliko anayeshinda peke yake.

Sony ilianza kuiuza mashine ile nchini Japani mwezi Machi 2000, na hadi leo inatajwa kuwa mashine ya gemu iliyouzwa kwa wingi kuliko zote, zaidi ya milioni 155. Kila ninapoikuta takwimu hiyo hufikiri kwamba haikuhesabu mabenchi. Mashine moja ya Mwanga ilikuwa na wachezaji wake wa kulipa, ilikuwa na watangazaji wake walioiga sauti za redioni, ilikuwa na makocha wasiowahi kushika pedi, na ilikuwa na mahakama. Ninaposema mahakama sitanii. Wakati huo umeme wa mji wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kabla gridi ya taifa haijatufikia, na ulikuwa na tabia ya kukatika dakika ya 85 wakati mmoja anaongoza kwa bao moja. Kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 haikuweza kuhifadhi mechi iliyokatikia njiani, kwa hiyo matokeo yalibaki vichwani mwa watu, na benchi ndilo lililoulizwa nani alipe na nani arudishiwe. Niliwahi kushuhudia shauri la namna hiyo likichukua muda mrefu kuliko mechi yenyewe.

Utamaduni huo haukuletwa na PlayStation. Anayeshuka Ujiji jioni atawakuta wazee kivulini wakicheza bao, mashimo 32 na kete 64, na ataona kwamba wanaocheza ni wawili tu ilhali waliosimama ni saba au wanane, na kwamba wale waliosimama ndio wenye midomo. Mchezaji akinyanyua kete kutoka shimo lisilofaa, huguna mtu wa pembeni kabla mpinzani hajatabasamu. Nimekua nikidhani kwamba mchezo wowote wa maana una watu hao, na nilishangaa ukubwani kukuta gemu ambazo watengenezaji wake hawakuwafikiria kabisa.

Gemu za zamani ziliwafikiria, ingawa nadhani nyingine zilifanya hivyo bila kukusudia. Kabla ya PlayStation tulikuwa na zile za kaseti, ambazo kwa kweli hazikuwa za Nintendo bali nakala za Kichina za mashine yake ya Famicom iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Kaseti iliandikwa kwamba ina gemu 9,999, na ukiihesabu unakuta ni zilezile chache zikijirudia kwa majina tofauti. Skrini yake ilikuwa na nukta 256 kwa 240 tu, na katika gemu nyingi kila kitu muhimu kilikuwa humo ndani, kikionekana kwa wote kwa wakati mmoja. Hapakuwa na kamera ya kuzungusha wala ramani ya kufungua pembeni. Mtu aliyeingia sasa hivi akitokea sokoni na kapu lake aliona vifaru viwili vinalinda ngome isivunjwe, na baada ya dakika moja alikuwa tayari ameanza kutoa ushauri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa kuwinda bata, Duck Hunt ya mwaka 1984, uliochezwa kwa bunduki ya plastiki. Wengi wanaikumbuka bunduki na yule mbwa aliyecheka ukikosa. Wachache wanajua kwamba katika hatua ya bata mmoja, mtu wa pili akishika pedi aliweza kumwendesha yule bata. Watengenezaji walimpa mtazamaji nafasi ya kumharibia mwenzake kimyakimya. Hapa mtaani tuliligundua hilo kwa bahati, mdogo wangu alipokaa juu ya pedi, na kwa wiki nzima hatukumwambia jirani yetu kwa nini bata wake walikuwa wajanja kuliko wa watu wengine. Bunduki ile haifanyi kazi kwenye runinga bapa za leo, kwa sababu ilitegemea namna runinga ya chogo inavyochora picha mstari kwa mstari, na hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya nisikubali kuitupa ile iliyoko stoo.

Sipendi, hata hivyo, ile tabia ya kuzitukuza gemu za zamani kwa kila kitu. Nyingi zilikuwa na ugumu wa kuonea watu, uliorithiwa kutoka kwenye mashine za kutumbukiza sarafu ambazo faida yake ilitokana na mchezaji kufa haraka. Hata watengenezaji wenyewe walishindwa: Kazuhisa Hashimoto, alipokuwa akiiandaa gemu ya Gradius ya mwaka 1986 kwa ajili ya mashine ya Nintendo, aliiona ngumu mno kuijaribu, akaweka mfuatano wa vitufe wa kumpa nguvu za ziada. Mfuatano huohuo, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha B na A, ukaja kutoa maisha 30 katika gemu ya Contra ya mwaka 1988 ya NES, jina la mashine hiyohiyo ya Nintendo nje ya Japani. Hii nayo ni elimu ya benchi, kwani chiti, yaani mbinu ya siri kama hiyo, haikuandikwa popote kwenye kaseti. Ilisafiri kwa mdomo kutoka kwa mtu aliyemwona mtu.

Kuhusu kompyuta, nilidhani ningeichukia. Skrini moja, kipanya kimoja, na mchezaji amekipa chumba mgongo; ni umbo la mtu anayefanya kazi, si la mtu anayecheza. Chuoni tulikuwa wanne katika chumba kimoja na kompyuta mpakato moja iliyochoka, na mmoja wetu akaja na Civilization IV kwenye flashi, nakala ambayo sijivunii namna ilivyopatikana na ambayo nilikuja kuilipia miaka mingi baadaye. Tulipoifungua mara ya kwanza, mwenzetu aliyekuwa amelala aliinuka akauliza kwaya ya wapi hiyo. Ilikuwa ni “Baba Yetu”, wimbo wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na ambao mwaka 2011 ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2005 huko Marekani, na hadi leo sijazoea kwamba kampuni ya huko ilifungua mchezo wake kwa lugha tuliyokuwa tukigombania godoro kwayo.

Hata hivyo, si wimbo ulionifanya nibadili mawazo kuhusu kompyuta. Civilization huchezwa kwa zamu, na hakuna saa inayokukimbiza, kwa hiyo kati ya hatua moja na nyingine kuna nafasi ya watu kubishana. Tuliichezea nchi moja sote wanne. Tulimchukua Mansa Musa wa Mali, tukagawana wizara, mmoja akashika hazina, mmoja vita, mmoja mipaka, na mwenye kompyuta akawa karani wa kubonyeza tu. Waziri wa vita alitaka kumshambulia Montezuma, mtawala wa Waazteki, kila baada ya zamu tatu, na mweka hazina, ambaye sasa ni mhasibu kwelikweli katika wilaya moja ya mkoa huu, alimkatalia kwa ukali uleule anaowakatalia watu leo. Adhana ya alfajiri ilitukuta mara nyingi tukiwa bado hatujakubaliana kuhusu barabara. Kwa maoni yangu gemu za mikakati za zamu ndizo zilizo karibu zaidi na bao, na ninashangaa kwamba watu wanaozipenda huwa wanazicheza peke yao.

Jambo linalonikera katika kompyuta na mashine za kisasa ni kupotea kwa skrini ya kugawana, ile iliyowezesha wawili au wanne kucheza mbele ya runinga moja. Maelezo ya kiufundi yapo na ninayakubali: kuonyesha pande mbili kunaitaka mashine ichore ulimwengu mara mbili kwa wakati mmoja, na kadiri picha zinavyokuwa nzito ndivyo mzigo unavyoongezeka. Lakini siamini kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Wawili wanaogawana skrini wamenunua nakala moja, na wawili wanaokutana mtandaoni wamenunua mbili. Halo, gemu ya kurushiana risasi iliyojijengea jina kwa marafiki waliobanana kwenye kochi moja, iliiondoa skrini hiyo katika toleo lake la tano mwaka 2015, na mashabiki wakalalamika kwa haki. Kisha mwaka 2021 ikatoka It Takes Two, gemu isiyochezeka kabisa na mtu mmoja, yenye skrini iliyogawanywa karibu muda wote, ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Basi soko la benchi lipo. Kwetu huku kuna kikwazo kingine kinachojulikana, kwamba gemu kama Baldur’s Gate 3 inataka nafasi ya gigabaiti 150, na mtu anayenunua bando kwa gigabaiti moja moja anaweza kupiga hesabu hiyo mwenyewe.

Simu nitaipitia upesi, ingawa ndiyo inayochezewa na watu wengi kuliko vyote vingine nilivyovitaja, mimi nikiwamo. Nilianza na nyoka wa Nokia kama kila mtu wa rika langu. Taneli Armanto, Mfini aliyemtengenezea simu ya 6110 mwaka 1997, alimwekea hata namna ya kuwawezesha watu wawili kushindana kwa kuelekezeana simu, jambo ambalo sikulijua hadi nilipokuwa na watoto. Leo kila usiku nacheza mpira wa Konami kwenye simu kabla ya kulala, nimeinama, taa imezimwa, na mke wangu akiniuliza naongoza ngapi, jibu langu huwa ni mguno. Hapo benchi limekufa na aliyeliua ni mimi. Skrini ya inchi sita haina nafasi ya mtu wa pili, na vidole gumba viwili huziba robo ya kilichobaki. Free Fire, gemu ya kurushiana risasi, angalau humpa aliyeuawa nafasi ya kuwa mtazamaji, kwani anaweza kubaki akimwangalia aliyemtoa, lakini kutazama ukiwa na hasira si kutazama.

Zaidi ya hayo, gemu nyingi za simu zimejaza nafasi ya watazamaji kwa kitu kingine, yale masanduku ya bahati unayoyalipia bila kujua kilichomo. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo, yakilipiwa fedha halisi, ni kamari, na mimi nakubaliana nayo kabisa. Banda la Mwanga lilinitoza 200 na nilijua nitapata mechi moja, nifunge au nifungwe.

Kuna gemu moja ya simu ninayoiheshimu bila masharti, nayo ni Ludo. Safari ya treni kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400 na huisha pale inapotaka kuisha. Katika safari moja, mama mmoja aliyekaa mkabala nami alitoa simu, akaiweka juu ya ndoo ya asali iliyofunikwa vizuri, akafungua Ludo King, na bila kuuliza majina yetu akatugawia rangi. Haikuhitaji mtandao, ambao vichakani huko ulikuwa unakuja na kuondoka. Simu ilipita mkono kwa mkono, watu wa kiti cha nyuma wakasimama kutazama, na kufikia Uvinza kulikuwa na kijana aliyekuwa akishangilia kete za kijani kwa niaba ya mtu asiyemfahamu. Kosa, basi, halikuwa la inchi sita. Ni wachache tu wanaotengeneza gemu za simu wakiwa na ndoo ile akilini.

Niliweka uhalisia pepe mwisho kwa sababu kwa kipimo changu ulipaswa kushindwa vibaya kuliko vyote. Mtu anavaa miwani inayomfunika macho yote mawili, na kwa watu wengine chumbani ameshaondoka. Nintendo ilijaribu wazo la kuchungulia ndani ya mashine mwaka 1995 kwa Virtual Boy, iliyokuwa na rangi nyekundu na nyeusi pekee na isiyodumu hata mwaka mmoja sokoni. Hizi za sasa ni nzuri mno kulinganisha na ile. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na miwani ya Quest 2, ile iliyotoka mwaka 2020, akatuchorea mpaka wa usalama katika sebule yetu ya Gungu baada ya kuitoa meza nje, na kila mmoja akapata zamu.

Nilipocheza Beat Saber, ya vijana wa Prague, ambamo unakata visanduku kwa panga za mwanga kufuata muziki, nilisahau kabisa kwamba nina nusu kilo usoni. Nilipohamia gemu nyingine ya kutembea kwa kusukuma kijiti cha pedi, nilidumu dakika nne kisha nikaenda kukaa barazani nikiwa na jasho la baridi. Sababu yake ni rahisi: macho yanaiambia akili kwamba mwili unakwenda, na sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mwendo, linasema mwili umesimama, ndipo tumbo linapochagua upande. Katika Beat Saber miguu haiendi popote, kwa hiyo hakuna ugomvi. Wavuvi wa Kibirizi wangeweza kunieleza hayo bila kutaja sikio.

Waliobaki kwenye makochi waliburudika kwa dakika kumi za mwanzo, kwa kumcheka aliyevaa. Mama mkwe aliuliza, “Sasa huyu anapigana na nani?” Kisha akarudi kwenye mchele wake. Hivyo ndivyo nilivyotarajia, na nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani sentensi za kuulaani uhalisia pepe, shemeji alipofungua gemu ya tatu.

Inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, ilitoka mwaka 2015, na imejengwa juu ya wazo moja. Aliyevaa miwani yuko chumbani na bomu, lakini hana kitabu cha maelekezo. Kitabu wanacho wengine wote, ambao hawalioni bomu. Kitabu chenyewe hutolewa bure ili kichapishwe, na nilikwenda kukichapisha steshenari asubuhi ya pili, ambako kijana wa mashine alisoma ukurasa wa mbele, akaniangalia, akasoma tena, na ilibidi nimweleze kwa kirefu kwamba ni mchezo.

Jioni ile sebule yetu ilirudi kuwa banda la Mwanga. Shemeji alisema ndani ya miwani kwamba anaona nyaya tatu, ya bluu, ya njano na nyeupe. Mke wangu, mwenye kurasa za nyaya, akauliza kama nyekundu haipo kabisa, akaambiwa haipo, akaamuru ikatwe ya pili. Kulikuwa na sehemu nyingine yenye vitufe vinne vya alama za ajabu, ambazo lazima zibonyezwe kwa mpangilio uliomo kitabuni, na hapo Kiingereza hakikuhitajika hata kidogo, kwa hiyo ukurasa ule alipewa mama mkwe. “Kuna nyota, ndani nyeupe,” shemeji alisema. “Ninayo.” “Kuna alama ya kuuliza iliyopinduliwa.” “Ninayo.” “Kuna kitu kama hereni kubwa.” Akanyamaza, akasogeza karatasi mbali na macho kama afanyavyo akisoma ujumbe wa simu, kisha akamfokea mwanawe kwamba aeleze vizuri, hereni ya namna gani, wakati dakika tano zilikuwa zimebaki sekunde kumi na moja.

Bomu lile lililipuka. Lilifuata la pili, ambalo tulilizima, na la nane au la tisa, ambalo hatukulizima kwa sababu majirani wawili walikuwa wameingia na kila mmoja alitaka kushika ukurasa. Shemeji amesharudi Dar es Salaam na miwani yake. Karatasi ziko kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni, na juzi nilimkuta mama mkwe akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, akipitia ukurasa wa alama kwa kidole, polepole, akianza na ile ya hereni.